Ombi la Mwalimu wa Muda Kushushwa Cheo Awe Mwanafunzi

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kiti chako bado kinazunguka vizuri. Mimi ni yule mwalimu wa muda wa somo la mantiki. Umewahi kunipisha kwenye ngazi za ghorofa ya pili ukidhani nimekuja kutengeneza taa. Kwa heshima zote, naomba nishushwe cheo niwe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sababu zangu ni hizi.

1. Ofisi sina. Nawasikiliza wanafunzi wangu kwenye hizo ngazi, mimi nimekalia kidato cha juu, wao cha chini, ili heshima ibaki. Juzi msafishaji alitumwagia maji ya sabuni, akaomba radhi, kisha akatuuliza kwa upole kama hatuna kwetu. Wanafunzi walikuwa nako: bwenini.

2. Nilipandwa na homa katikati ya kipindi, mwanafunzi mmoja akanikokota hadi zahanati ya chuo. Muuguzi akataka kujua kama mimi ni mwanafunzi au mfanyakazi. Nikasema ni mwalimu wa muda. Akatafuta kwenye kompyuta mpaka akachoka, akaniambia, "Baba, humu hakuna mtu kama huyo." Ikabidi yule mwanafunzi ajitie kuumwa kichwa. Akapewa vidonge, tukagawana.

3. Hapa naomba utulie. Mkuu wa idara yetu, anayenipangia vipindi, nilimfundisha mimi, tena alikuwa akisinzia kiti cha nyuma. Alihitimu, akaajiriwa, akapanda. Mkataba wangu hufa kila mwisho wa muhula, ukafufuka nikishabembeleza vya kutosha. Nimelichunguza jambo hili kimantiki: wote waliofika mbali katika idara hii walianza kwa kuwa wanafunzi wangu. Ni mimi peke yangu ambaye sijawahi kuwa mwanafunzi wangu. Kumbe kosa ndilo hilo.

4. Kila likizo mama mkwe humuuliza mke wangu kama nimefukuzwa tena. Nikiwa mwanafunzi, likizo itakuwa likizo, naye ataniombea nifaulu.

Kuhusu masomo usiwe na wasiwasi. Mantiki nitajifundisha mwenyewe, nitajisahihisha bila upendeleo, na nikichelewa nitajifungia mlango. Nikihitimu nitaomba kazi hii hii, niajiriwe kama walivyoajiriwa wenzangu.

Nisalimie katibu wako na walinzi wa langoni, hasa yule anayeniandika mgeni kila asubuhi. Mke wangu anakusalimu. Mama mkwe anasema yeye atakusalimu nikishaajiriwa.

Wako mtiifu hadi mwisho wa muhula,
Mwalimu wa Muda

Baada ya sahihi: Nikiwa njiani kuileta barua hii, nilimkuta binti mmoja wa darasa langu, aliyefeli jaribio la kwanza akalia, akiwaeleza wenzake hoja niliyohangaika nayo muhula mzima. Aliieleza vizuri kuliko mimi. Nilijibanza nyuma ya nguzo mpaka akamaliza, na macho yangu hayakuwa makavu sana. Hapo Mkuu wa idara akapita, nikamgusia ombi langu. Akasema halina shida, ila mwanafunzi haruhusiwi kufundisha, kwa hiyo darasa langu atalichukua yeye.

Mheshimiwa, barua hii ichane. Na umwambie yule kijana wa kiti cha nyuma asiliguse darasa langu.