Mama, Wingu na Mthamini wa Nairobi

Jumatatu, 1 Julai 1968

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Nimeamka na akili nzuri kuliko kawaida yangu, kwa hiyo naiandika kabla haijapoa.

Mama alituacha mwezi wa nne, Mungu amrehemu. Vitu vya kugawa ni viwili: nyumba yake ya mabati hapa Majengo, Nyeri, na picha ya rangi iliyo ukutani humo. Warithi pia ni wawili: mimi Athman, fundi wa cherehani, na dada yangu Mwanaisha, mjane, anayeishi humo. Kwa sheria yetu mwanamume hupata mafungu mawili, mwanamke moja. Karani wa baraza la mji ameshaithamini nyumba: shilingi elfu moja na mia tano. Picha hakuigusa. Alisema yeye huthamini vitu vyenye bati.

Sasa hesabu. Picha ikifika mia saba na hamsini, nyumba inakuwa mafungu mawili kamili na picha fungu moja. Nyumba kwangu, picha kwa Mwanaisha. Halali tupu! Chumba cha mbele kinatazama barabara. Cherehani yangu itahama kutoka baraza ya duka la watu, ilikokaa miaka kumi na tisa. Mwanaisha nitamwachia chumba cha nyuma. Mimi si mnyama.

Jumatano, 3 Julai

Nimekwenda kwa Moffat wa bima, juu ya duka la viatu. Moffat ni mtu wa Mukurweini, huvaa tai hata akienda kununua ndizi. Nilitaka aikatie picha bima ya mia saba na hamsini, nipate karatasi ya kumwonyesha kadhi.

Alicheka mpaka tai ikapinda. Ati fundi, nikiandika bei yenye kila mtu anataka, kesho utaniletea kuku ya elfu mbili! Alisema lazima kwanza nimwone mthamini, yaani mtu aliyesomea bei za picha, anayetia sahihi na anayeweza kusimamishwa kortini aulizwe. Karatasi yake hutumika kwa bima, kwa kadhi, na hata serikali ikiuliza habari za kodi ya mirathi.

Kumbe iko kazi ya kutazama picha na kulipwa. Na mimi miaka yote hii nashona suruali!

Nimepiga simu Nairobi kutoka posta. Mthamini anaitwa Bwana Simeon. Atakuja Jumanne. Sauti yake ni ya mtu asiyecheka.

Ijumaa, 5 Julai

Baada ya swala nilipita kwa Mwanaisha kuikagua mali. Pichani Mama ameketi, ungo mapajani, anachambua mchele. Alichorwa na mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akikaa hotelini mwaka wa arobaini na tisa. Mama alikaa vile siku nne, akalipwa picha hiyo na mkebe wa biskuti. Alikuwa akisema biskuti zilikuwa nzuri zaidi.

Nimegundua kasoro. Nyuma ya Mama, pale Mlima Kenya unapotakiwa kuwa, kuna wingu tu. La kijivu. Nani atatoa mia saba na hamsini anunue wingu? Sisi tunalo bure tangu mwezi wa sita.

Nilimweleza Mwanaisha, kwa sauti ya upole, kwamba picha inamfaa yeye kwa vile alimpenda Mama sana, na kwamba chumba cha nyuma kina joto zuri. Alikuwa akikata sukuma wiki. Hakuinua kichwa. Alisema hatakuwa mpangaji katika nyumba aliyozaliwa. Nyumba ikija kwangu, yeye atakwenda Kutus kwa wifi yake. Kisha akasema, "Na picha chukua wewe, kaka. Mimi nimemgeuza Mama kitandani miaka mitatu. Najua uzito wake. Wewe ndiye utakayemsahau."

Niliuliza kama kuna chai.

Ilikuwapo.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemleta Muriithi, anayeandika vibao vya maduka. Ndiye aliyemchora yule ng'ombe anayecheka kule Giakanja. Mwanaisha alikuwa sokoni. Muriithi aliitazama picha akasema iko na shida moja tu, mlima haiko, na hiyo ni kazi ya nusu saa. Aliuliza kama nataka barafu mingi ama kidogo. Nikasema nyingi! Akafungua mkebe wa rangi nyeupe, ile ya kupaka mabati, akatia tone la kwanza.

Mwanaisha akaingia.

Sitaandika yote. Ufagio ni kitu kirefu kuliko mtu anavyodhani. Muriithi ameacha mkebe na kiatu kimoja. Mimi nilitoka kwa heshima, kupitia dirishani. Nikiwa nje nilimsikia Mwanaisha akiisafisha picha kwa kitambaa na kusema polepole, "Pole, Mama. Ni huyo mwanao."

Tone halikutoka. Limekaa juu ya wingu, dogo kama punje ya mchele.

Jumanne, 9 Julai

Bwana Simeon amekuja! Mfupi, koti refu, kioo cha kukuzia mfukoni. Nilinunua nyama, Mwanaisha akapika pilau, ingawa hatujasemezana tangu Jumamosi isipokuwa kwa habari za chumvi.

Kwanza aliuliza bei inatakiwa kwa kazi gani. Nikasema zote tatu: kubwa ya bima, ndogo ya kodi, na ya katikati ya kadhi. Alinitazama kama mtu anayetafuta ufa ukutani. Alisema ya kadhi na ya kodi ni moja, ile ambayo mtu angeinunulia siku Mama alipofariki. Ya bima huweza kupita kidogo, lakini sababu zake huandikwa. Na yeye hula kiapo. Nikasema bila shaka, na pilau pia ale.

Alikula mara mbili, kisha akaigeukia picha. Akaitazama saa nzima! Mbele, nyuma, misumari. Aliuliza jina la Mama, akaliandika. Alisifu wingu. Alisema wageni wote huchora theluji, hata wale ambao hawakuiona. Huyu alichora alichokiona. Halafu akafika kwenye tone. Aliuliza ni nini. Nikasema inzi.

Uso wake haukuonyesha bei. Nikaogopa. Picha haina sahihi, nikajiona nimekwisha. Ndipo nilipokumbuka mkebe wa biskuti ambamo Mama alitunza karatasi zake. Nimefukua mpaka chini, na humo, barua ya yule mama wa Kizungu, kwa mkono wake, jina lake kamili, akimshukuru Mama kwa siku nne za kukaa kimya. Nikampa Bwana Simeon mimi mwenyewe, kwa mikono miwili.

Alivua miwani. Akaifuta. Akaisoma barua tena.

Mia saba na hamsini hizo, nazinusa!

Alhamisi, 11 Julai

Kadhi alikuwa Nyeri leo. Alifungua bahasha ya mthamini mbele yetu, akasoma kwa sauti. Naandika kama nilivyosikia.

Kwamba picha bila barua, isiyojulikana mchoraji, ingekuwa shilingi mia saba na hamsini.

Kwamba kwa barua iliyoletwa na Bwana Athman, mchoraji amejulikana. Amekwisha kufa kwao, na kazi zake zinatafutwa. Shilingi elfu tatu na mia mbili.

Kwamba zimetolewa mia mbili kwa sababu ya tone la rangi ya mabati, ambalo Bwana Athman alisema ni inzi.

Jumla, elfu tatu. Nyumba, elfu moja na mia tano. Kadhi alihesabu kwa vidole, akafurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Alisema hajawahi kuona mirathi inayogawanyika bila kubaki hata senti. Mafungu mawili, picha, kwa Athman. Fungu moja, nyumba, kwa Mwanaisha.

Nilitaka kusema neno kuhusu inzi. Nikamgeukia Mwanaisha kwanza, nimwone anavyonicheka. Hakuwa akicheka. Alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yanacheza. Chini ya benchi, kati ya miguu yake, kulikuwa na furushi. Nguo, sufuria mbili, mswaki. Alikuwa amekuja tayari kwa Kutus.

Nilikuwa nimegawa chumba cha mbele na cha nyuma, na sikuwa nimefikiria kwamba kweli angeondoka.

Furushi nimelibeba mimi mpaka Majengo. Zito sana. Nimelalamika mara mbili tu.

Jumapili, 14 Julai

Nimekaa na picha siku tatu katika chumba changu cha kupanga. Panavuja. Juzi nililala nimekunja miguu ili Mama apate upande mkavu. Moffat alikuja kukagua, akasema karatasi ya mthamini ni safi, lakini kampuni yake haiwezi kukatia bima mali ya elfu tatu iliyo kati ya matone na jiko la mafuta ya taa. Mali inataka ukuta mkavu.

Ukuta mkavu ninaoujua ni mmoja. Nimeirudisha. Mwanaisha alinishikia ngazi.

Tukaketi, tukanywa chai. Nikasema, kwa ujanja, kwamba mwenye picha ana haki ya kuja kuitazama. Alisema kila siku. Nikasema basi ingekuwa rahisi kama cherehani ingekuwa karibu. Alisema, "Chumba cha mbele kiko wazi. Lete." Nikauliza kodi kiasi gani kwa mwezi. Akaniambia niache upuuzi, kodi ya nini, ungeniomba tu tangu mwezi wa nne ningekupa.

Ningeomba tu!

Nimefikiri mchana kutwa. Hakuna mtu Nyeri anayetoa chumba cha barabarani bure. Kuna jambo hapa. Nimeshamwandikia Bwana Simeon aje Jumanne akithamini chumba cha mbele, kwa kiapo na sahihi, nijue hasa ni kiasi gani ambacho dada yangu hanitozi. Nisije nikapunjwa.

Pesa ya stempu amenipa Mwanaisha.