Jina Lililopita Puani

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeipata! Mahafali ya wauguzi ni Ijumaa, na msoma majina ni mimi, mtunza stoo wa chuo. Miaka yote kazi hiyo ni ya mkutubi. Huwaita wahitimu mmoja mmoja maktaba, kila mtu atamke jina lake, naye alirudie hadi mwenyewe aridhike. Kupoteza muda tu! Nilimnong'oneza Mkuu wa Chuo kwamba mkutubi ana kikohozi kibaya. Hana. Mkuu akaniambia nishike nafasi.

Jumatano, 6 Novemba

Nusu ya wahitimu wanatoka nchi za nje. Lugha zao sijui hata moja, ila mbinu ninayo: majina yote ya kigeni nitayapitisha puani, kama watangazaji wa redio za ng'ambo. Nimefanya mazoezi bafuni. Mke wangu akaniuliza kama nina mafua.

Mchana alikuja stoo yule binti mrefu wa wodi ya watoto. Alitaka kunifundisha jina lake. Akaeleza kwamba baba yake anakuja kutoka kwao, lugha ya hapa haijui, macho nayo hayaoni mbali. Atalisubiri jina tu, ndipo asimame kupiga picha. Nikamwambia aondoe shaka, yuko mikononi mwa mtaalamu. Alisitasita pale kaunta, kisha akaenda zake. Vijana wa siku hizi hawamwamini mtu!

Ijumaa, 8 Novemba

Nilianza vizuri. Makofi! Ikafika zamu ya yule binti. Nikalivuta jina puani, nikalizungusha, nikalimalizia kwa mbwembwe. Hata yeye hakujua ni lake mpaka mwenzake alipomsukuma. Akapanda, akapewa cheti, akashuka. Safu za mbele alikaa mzee wa suti ya kahawia, kamera mapajani, shingo ameinyoosha, anasubiri. Alisubiri hadi jina la mwisho. Watu walipoanza kukunja viti, bado amekaa.

Roho iliniuma sana. Nikawafuata mlangoni, nikamwomba binti amweleze baba yake kwamba nasikitika. Mzee akajibu kwa upole. Binti akatafsiri huku akitazama chini: "Anasema nimepewa jina la mama yake, bibi yangu. Alitaka alisikie likiitwa mbele za watu, japo mara moja."

Nikajaribu kulitamka pale pale. Likatoka puani, kwa mazoea. Mzee akanigusa bega, wakaondoka.

Jumatatu, 11 Novemba

Binti alikuja kurudisha mashuka ya bweni. Nafasi ndiyo hiyo ya kumwomba anifundishe! Badala yake nikakagua mashuka, nikamwita "dada", nikamtakia safari njema. Ameshaondoka. Jina lake sijui kulitamka mpaka sasa, na najuta. Mkutubi alipita dirishani, akanisalimu kama kawaida. Heri angenicheka.

Alhamisi, 14 Novemba

Shemeji anaozesha binti yake, na wakwe wanatoka ng'ambo. Anatafuta mshereheshaji. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Mke wangu kanishauri niwaendee wakwe kwanza, niwaulize majina yao yanatamkwaje. Nimemwambia asihangaike, kosa langu nimeshaliona, na limenitoa machozi. Pua siitumii tena maishani.

Safari hii natumia koo.