Mfupa wa Sajini

Jumanne, 9 Septemba
Mwalimu Njambi ameondoka asubuhi kwenda Murang'a kwa posa ya mpwa wake. Nimeachiwa Sajini, mbwa wake wa miezi mitatu. Sharti ni moja: akirudi Jumamosi amkute mzima, na chumba cha nyuma ninamolala kitabaki changu. La sivyo kinaenda kwa Ephantus, mtunza bustani wa jirani, ambaye amekuwa akikimezea mate tangu Pasaka.

Ameacha vijifupa vya ngozi, vile vya kutafuna, vidogo kama vijiti vya kibiriti. Akasema nimpe kimoja kwa siku, nikae naye, nimnyang'anye kikibaki kidogo. Aibu gani hii. Mbwa wa Ephantus anatafuna mfupa mrefu kama mkono wangu. Nimekwenda hadi Kilimani kununua ule wa mbwa wakubwa. Sajini atamaliza wiki akiwa simba.

Jumatano, 10 Septemba
Saa nne nimempa. Ameushika kwa miguu miwili kama mzee wa kanisa na paja la kuku. Mbwa wa heshima kweli. Nikaingia ndani kuchemsha chai.

Nimerudi, imebaki ncha tu. Sajini ananitazama kwa adabu. Kisha akatapika juu ya mkeka wa Mwalimu, povu na vipande viwili vyeupe.

Nimefunga yote kwenye gazeti, nikatupa kwenye pipa, nikaosha mkeka. Ephantus akachungulia juu ya ua, akauliza ni harufu ya nini. Nikamwambia napika githeri. Akampa pole atakayeila.

Kwetu aliyemeza kitu kibaya hupewa maziwa. Nimempa bakuli zima. Ameyarudisha yote, ndani ya viatu vyangu vya kanisani. Ephantus, bado akichungulia juu ya ua, akasema dawa ni maji ya chumvi ili atapike mpaka amalize. Nimeyakoroga. Nikamtazama Sajini. Amejilaza chini, hata kidole changu hataki kunusa. Hapo niliogopa, tena si kwa ajili ya chumba. Nimempigia Philister.

Philister ni daktari wa mifugo, tunaimba kwaya moja Woodley. Amefika kwa boda kabla sijamaliza kuomba. Kitu cha kwanza, amemwaga yale maji. Akaniambia, "Zadock, hiyo chumvi ingemmaliza kabla ya huo mfupa." Akauliza amekula nini, saa ngapi, ametapika mara ngapi. Nimejibu vizuri. Kisha akauliza matapishi yako wapi.

Nimefukua pipa kwa mikono hii. Yeye akavaa glavu, akaosha vipande, akavipanga pamoja na ile ncha juu ya karatasi iliyofungia mfupa, yenye picha ya ukubwa uleule. Kama fundi wa vigae. Pakabaki pengo la kidole gumba. Sijawahi kuona kichwa kama hicho katika sauti ya pili.

Amemkagua ufizi na kumpapasa tumbo. Kasema asile chochote mpaka kesho, maji apewe kidogo kidogo, na maziwa nisahau. Akitapika tena, akikataa maji au tumbo likivimba, nimkimbize kliniki saa hiyohiyo, apigwe picha. Kitu kikining'inia nyuma, nisivute.

Alhamisi, 11 Septemba
Maji yamekaa tumboni. Philister amerudi, akampapasa tena, akamlisha wali na kuku kijiko kimoja. Mkia umetikisika. Nimelia kidogo.

Kile kipande bado hakijulikani kiliko. Ameniagiza nikague kinyesi. Nimekagua kwa kijiti, kwa makini. Ephantus ameniona. Alichosema sitakiandika.

Philister amesema nilifanya jambo moja la maana, kupiga simu na kusema ukweli. Nimemwomba arudie. Amerudia.

Jumamosi, 13 Septemba
Mwalimu amerudi. Sajini amemrukia mpaka kilemba kikaanguka. Philister alikuwa amenionya nimweleze kila kitu, nami nimemweleza. Amenikagua toka kichwani hadi miguuni kama anayesahihisha mtihani. Kisha akasema angalau nilijua wa kumwita. Chumba ni changu. Nimemsalimia Ephantus kwa sauti ya kutosha.

Jioni nimevaa gambuti zangu za mpira nifagie uani. Kitu kikanichoma kidole cha mguu. Nimetoa: kipande cha mfupa, ukubwa wa kidole gumba, kikavu, kizima. Kumbe Sajini alikificha humo tangu Jumatano! Daktari anatafuta, mimi nachokora kinyesi, yeye anajua fika akiba yake iko wapi. Akili ya ajabu. Mbwa wa namna hii hanyang'anywi haki yake.

Nimekisuuza vizuri, nikampa. Nikaingia ndani kuchemsha chai.

Nimerudi. Kipande hakipo. Sajini ananitazama kwa adabu.