Kiti cha Dakika Kumi

Kandambili zilianza kuburuzwa gizani, kabla hata jogoo wa jirani hajasafisha koo. Kwaru, kwaru, kimya. Kwaru, kwaru, kimya. Kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo ya maji, kutoka kwenye ndoo hadi mlangoni. Mwendo ule naujua. Ni mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti, analitembeza jiwe lake la figo.

Hapa inanibidi nitoe tangazo, kabla msomaji hajaingiwa na huruma bila kibali. Kamati Maalumu ya Kulinganisha Dawa za Kutuliza Maumivu Makali ya Mawe ya Figo, ambayo mimi ni mwandishi wake wa kumbukumbu, ilikuwa imefanya kazi kwa miezi kumi na moja, na siku hiyo ilikuwa ipitishe ripoti yake kwamba maumivu hayo hayapo. Kwa hiyo mume wangu hakuwa anaumwa. Alikuwa anatembea tu.

"Mama Chiriku," aliniita, kaegemea ukuta, jasho linamchuruzika. "Leo limekuja na ndugu zake."

"Vumilia, baba. Kukipambazuka tunakwenda wote."

"Kwenye kile kiti tena?"

Nilianza kutafuta kalamu yangu. Mtumishi wa kamati hatoboi siri za kamati kwa mshiriki.

Chiriku ni binti yetu wa miaka mitano, tunayemwita hivyo kwa kuwa akiamka kaya nzima imeamka. Shule zilikuwa zimefungwa, tukambeba na kalamu zake za rangi.

Kazi hii niliipata baada ya miaka miwili ya masomo ya jioni, mtoto kalala mapajani, daftari juu yake. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mwandishi mzuri wa kumbukumbu huandika alichoagizwa, kwa lugha iliyo wazi, bila kutia chumvi. Nililishika hilo kama dua.

Kamati ilikabidhiwa dawa tatu: diklofenaki ya sindano, mofini, na parasetamoli ya dripu. Ili ulinganisho uwe wa haki, akiba yote ya hospitali ilifungiwa kwenye kabati la chuma ndani ya chumba cha mikutano. Mwenyekiti, mstaafu wa idara ya vipimo na mizani, alifafanua kwamba dawa iliyokwisha kutumika haiwezi kulinganishwa na ambayo haijatumika. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa utepe.

Muuguzi wa zamu aliwahi kubisha hodi.

"Jamani, mbona hili tunalijua? Tunaanza na diklofenaki. Ikigoma, au figo za mgonjwa haziiruhusu, ndiyo tunakwenda kwenye hizo nyingine."

Alishukuriwa kwa mchango wake, mlango ukafungwa. Kamati haiwezi kutegemea maneno ya mtu anayewaona wagonjwa kila siku. Huyo tayari ana upendeleo.

Miezi minne ya mwanzo tulilinganisha uzito wa maboksi. Mofini iliongoza. Miezi mitatu iliyofuata tulilinganisha urahisi wa kutamka. Parasetamoli ilishinda kwa mbali, kisha ikanyang'anywa ushindi kwa kuwa inajulikana mno mitaani. Ndipo Mtakwimu, kijana mwenye saa mbili mkono mmoja, akauliza kama isingependeza kuwahusisha wagonjwa pia.

Kikatafutwa kiti. Mgonjwa angekaa juu yake dakika kumi bila kuinuka, mikono magotini, ili maumivu yatulie yapimike. Akiinuka, anafutwa. Akimaliza, anapewa dawa. Walifika wagonjwa arobaini na watatu, anayerudi akihesabiwa upya, na hakuna aliyefikisha dakika moja. Walijikunja, walizunguka, mmoja alipiga magoti akakumbatia mguu wa meza ya Mtakwimu akakataa kuuachia. Wote walifutwa kwa utovu wa utulivu. Aliyekaa dakika kumi kamili alikuwa seremala aliyekuja kukaza kiti chenyewe. Alipoulizwa kama ana maumivu, alisema hana, labda njaa. Mtakwimu akakokotoa: asilimia mia moja ya waliopimwa hawana maumivu. Muhuri nilipiga mwenyewe, na ulikaa vizuri.

Nisisahau Azimio la Kwanza: hakuna maji kikaoni. Wajumbe ni watatu na akidi ni watatu. Mmoja akienda msalani, kikao kimevunjika. Mwenyekiti aliongoza kwa mfano. Miezi kumi na moja, kutwa nzima chini ya bati, hakugusa hata glasi. Muuguzi alimwambia mara moja, "Mzee, kunywa maji." Alijibu kwamba maji yana wakati wake, na wakati wake haujajadiliwa.

Basi asubuhi hiyo tulifika. Daktari wa zamu alimpima mume wangu, akamwandikia sindano palepale. Muuguzi aliisoma karatasi, akanitazama.

"Daktari kaandika diklofenaki. Iko kabatini. Kabati lina kamati."

"Atakaa," nilisema.

"Atakaa wapi, dada? Mtazame."

Fundi alikuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili, anakwenda ukutani na kurudi. Mtakwimu alimwita kwenye kiti, akabonyeza saa zote mbili.

"Mshiriki wa arobaini na nne. Kaa. Tulia. Fikiria jambo zuri."

Mume wangu alikaa. Alinitazama kama mtu anayenifanyia hisani kubwa. Kisha akaruka.

"Sekunde sita," alisema Mtakwimu kwa masikitiko. "Mara ya mwisho alikuwa na nane. Anashuka kiwango."

Nikaandika: Amefutwa. Mkono ulisita kwenye herufi ya kwanza, halafu ukaendelea. Ni mkono ulioajiriwa.

Saa nne kamili tulianza kikao. Chiriku alikaa sakafuni na karatasi zake. Nje, kandambili ziliendelea: kwaru, kwaru, kimya. Mwenyekiti aliagiza mlango ufungwe ili ripoti isisumbuliwe.

"Ndugu wajumbe," alianza, amesimama wima kama mlingoti, "kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba maumivu makali ya mawe ya figo katika eneo letu ni dhana, ni mazoea, ni..."

Mkono wake ulikwenda ubavuni taratibu, kama unaotafuta kalamu iliyoanguka ndani ya koti.

"Ni?" niliuliza, kalamu juu ya karatasi.

"Ni... ah. Ah! Mama yangu wee!"

Aliizunguka meza. Akaizunguka tena. Akaenda ukutani, akaweka paji la uso, akarudi. Uso ulikuwa rangi ya majivu.

"Mheshimiwa, keti kidogo," alisema Mfamasia, mama mtulivu ambaye kwa miezi kumi na moja alikuwa ameunga mkono hoja tu.

"Siwezi kuketi!"

"Sekunde sifuri," alinong'ona Mtakwimu. "Hiyo ni rekodi."

"Fungueni kabati! Nichomeni sindano!"

Nikalazimika kusimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote, Kanuni ya Tatu uliiandika mwenyewe. Kabati linafunguliwa kwa azimio la maandishi lililosainiwa na wajumbe wote, na mgonjwa awe amekaa dakika kumi."

"Futa hiyo kanuni! Andika azimio!"

"Niandike nini, Mheshimiwa?"

"Andika chochote, mama! Andika unachotaka, nitasaini!"

Niliwaza maneno ya mwalimu wangu. Alichoagizwa, kwa lugha iliyo wazi. Nikakaa, nikaandika chochote.

Kwamba kuanzia sasa dawa itangulie na kiti kifuate. Kwamba anayeamua dawa ni anayemtibu mgonjwa. Kwamba ufunguo ukae kwa muuguzi wa zamu, siku zote. Kwamba wagonjwa wahudumiwe kwa mpangilio wa kufika, bila kujali cheo.

Sikutia chumvi hata punje.

Mwenyekiti alisaini bila kusoma, jambo ambalo si geni kwa nyaraka zetu. Saini ilianzia kwenye karatasi ikaishia mezani. Mfamasia aliisoma yote, mstari kwa mstari, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe, akasaini. Mtakwimu akasaini akitazama saa.

Muuguzi aliitwa. Alimvua Mwenyekiti utepe wa ufunguo shingoni, akafungua kabati, akatoka na kichupa hadi ukumbini. Mwenyekiti akamfuata, amejikunja mithili ya alama ya kuuliza.

"Mimi niko hapa! We dada, mimi ndiye Mwenyekiti!"

"Namba ngapi, mzee?"

"Namba gani tena?"

"Ya kufika. Kuna fundi hapa tangu asubuhi. Wewe ni wa pili. Daktari anakuja kukupima."

"Nani ameweka utaratibu huo?"

Muuguzi akamwonyesha azimio lenye saini yake.

Fundi alichomwa sindano, akaendelea kutembea, maana dawa nayo inahitaji muda wake. Basi ukumbi mmoja ukawa na watembeaji wawili, mmoja kwa kandambili, mwingine kwa viatu vya ngozi. Walipishana katikati mara nne bila kusalimiana. Mara ya tano mume wangu akasema, "Mzee, ukifika ukutani pumua kwanza, ndiyo ugeuke. Inasaidia."

"Ahsante, mwanangu," alisema Mwenyekiti, na kwa kumbukumbu zangu hilo ndilo neno la kwanza la kamati lililotokana na utafiti.

Daktari akafika, Mwenyekiti naye akachomwa. Tulirudi ndani kuandika sehemu iliyobaki ya ripoti, ambayo sasa ilihitaji kubadilishwa kidogo, yaani yote. Mtakwimu alitaka kujua arobaini na wanne waliofutwa wataitwaje. Nilipendekeza waitwe wagonjwa. Mfamasia akaunga mkono hoja.

Nusu saa ilipita. Mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyekumbuka kuufunga. Nikagundua kwamba kalamu yangu imesimama kwa sababu masikio yananidai kitu. Kandambili hazikuwa zinasikika.

Chiriku akachungulia ukumbini, akanigeukia.

"Mama, baba amekaa."