Malalamiko Kuhusu Udogo wa Kisiwa cha Kitonga

Kabiria, Nairobi

Kwa Kitonga, mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko jikoni hotelini. Sisi hatujambo, isipokuwa tumekiona kisiwa chako. Ulipotuaga ukaenda kupika ng'ambo, hukutaja udogo wake. Kwa heshima, nawasilisha malalamiko ya familia.

1. Hakina mlima. Mama alipoiona ramani uliyotuma kwa simu, alitafuta mahali pa kukimbilia bahari ikifura, akakosa. Unasema kanisa liko juu kabisa. Kitonga, huo si mlima, hizo ni ngazi.

2. Hakina mto. Eti watu hunywa mvua inayoteremka kwenye paa zao, kwa kuwa chini ni matumbawe matupu yasiyoshika maji. Mama alilelewa Makueni na kungoja mvua anakujua. Hakukusomesha upishi ili upande ndege kwenda kuingoja kwingine.

3. Ni chembamba mno. Jumapili nilimpeleka Mama huko Kitisuru ninakofanya kazi, nikamwonyesha toka geti la mwajiri wangu hadi mwisho wa ua wa jirani. Nikamwambia upana wake ni huo, nikidhani atacheka. Aliuliza, "Na akigeuka usingizini?" Tangu hapo anaomba Mungu ulale chali.

4. Pasta Mbithi alipomuuliza uko wapi, Mama aliweka kidole kwenye ramani ya ukutani pale kanisani. Kidole kilifunika kisiwa chako, visiwa vyote vya jirani na kipande kikubwa cha bahari. Waumini walimpa pole kana kwamba tumefiwa.

Kwa hayo yote, tunaomba urudi kabla ya Krismasi. Kuna hoteli hapa Nairobi, Adams Arcade, inatafuta mpishi, na hapo hata ukipotea njia ni nchi kavu mpaka Naivasha. Ikishindikana, mwombe meneja akuhamishie kisiwa kinene. Hilo nalo likikataa, serikali ya huko ijaze bahari mawe kidogo, angalau upande wa kitanda chako.

Wasalimie wapishi wenzako, meneja, na yeyote anayepita dirishani, maana lazima ni jirani.

Dada yako akukumbukaye,
Munyiva

Nyongeza: Nimemsomea Mama barua hii kabla ya kuituma. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hivyo huko mtu hawezi kwenda mbali na mamake." Leo asubuhi amepigwa picha ya pasipoti. Tafadhali mtafutie chumba karibu nawe. Kiwe cha vitanda viwili, kwa sababu mpiga picha alipomaliza naye, nami nilikaa kwenye kile kiti.