Choo cha Mfano

Jumatatu, 4 Machi 1974

Chifu ametangaza barazani. Wizara ya Afya yataka kamati ya afya hapa kijijini. Mwenyekiti atateuliwa na Bwana Afya mwenyewe baada ya kukagua nyumba za wagombea: choo kwanza, mengine baadaye. Wagombea ni wawili, mimi na jirani yangu Iddi. Iddi! Mtu ambaye hajapata kumaliza gazeti hata moja! Mimi nimeiandikia Wizara tangu bendera ya Mwingereza iteremshwe, na bado sijajibiwa. Nikikosa kiti hiki, nitakaa chini nimsikilize Iddi akihutubia mpaka nife. Usingizi hauji.

Jumatano, 6 Machi

Choo kimekwisha. Makuti mapya, mlango wa mbao, kuta zimepakwa chokaa mpaka zaumiza macho. Nimekitia kufuli. Ufunguo shingoni. Haingii mtu kabla ya Bwana Afya! Esha, mke wangu, akauliza basi sisi twende wapi. Nikamwambia mikoroshoni, kama siku zote. Akanikumbusha kwamba mikorosho ile ni ya Iddi. Nikamjibu kwamba maendeleo yana gharama zake. Akasema haya, Bwana Maendeleo, chukua kopo lako.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Mama mkwe, Bi Mwanarusi, amewasili kutoka Bodo. Macho yamsumbua, amekuja kutibiwa hospitali ya Msambweni. Nikamwamkia kwa mbali, kichwa chini, kama ipasavyo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hata kupishana njiani ni kwa adabu, sembuse kuingia choo kimoja. Akiingia yeye mara moja tu, mimi nimeshakiaga. Esha akasema mgonjwa wa macho hapelekwi mikoroshoni. Nikakataa. Akasema basi atafunga mzigo, waende Bodo wote wawili, nami nibaki na choo changu. Nikamsihi angoje mpaka Bwana Afya apite Jumamosi. Kaninunia. Nani atamlea mwanamume wa fikra kama mimi?

Jumamosi, 9 Machi

Lazima niandike.

Bwana Afya ni Mwinga, mtu wa Samburu ya huku kwetu Pwani, mpole, buti zang'aa. Nilikuwa nimefungua kufuli mapema, nikaurudishia mlango, nikakimbilia barabarani kumpokea. Tuliporudi, kijiji kizima kilikuwa nyuma yetu, Iddi mbele yao. Bwana Mwinga akaisifu chokaa. Kisha akaona mlangoni hapajafanyika njia ya miguu, akauliza taratibu kama choo hiki kweli kinatumika.

Nikahutubia! Nikaapa mbele ya umma kwamba mimi mwenyewe huketi humo kila asubuhi, na kwamba fikra zangu bora zote nimezipatia humo.

Mlango ukafunguka. Akatoka Bi Mwanarusi na kopo lake.

Mama mkwe akajifunika ushungi uso mzima, akalia kwamba mkwewe amemvua nguo mbele za watu. Bwana Mwinga, ambaye kwao mila ni hiyo hiyo, akatazama buti zake. Akasema, mzee, kama unakitumia, umemkosea mama huyu. Kama hukitumii, umeidanganya serikali. Sema moja.

Nikamtazama Esha. Alikuwa amesimama mlangoni, mzigo tayari kichwani.

Nikasema sijawahi kukikanyaga.

Bwana Mwinga akauliza, sasa mzee huenda wapi? Iddi akanijibia, kwa sauti ya mwadhini: "Iulizeni mikorosho yangu! Mwaka huu imezaa, sijapata kuona!"

Wamecheka mpaka watoto wangu.

Jumapili, 10 Machi

Iddi ndiye mwenyekiti. Nimemtoa mbuzi kumtuliza mama mkwe. Esha ameushusha mzigo. Choo sasa ni cha Bi Mwanarusi, naye asema hewa ya huku inamfaa. Mimi mikoroshoni, tena kwa kunyatia, maana mwenyekiti ameweka mlinzi.

Lakini sijashindwa! Nimesikia mwezi ujao Wizara itarudi na habari za kupanga uzazi, na itatafuta familia ya mfano: mume, mke, watoto wachache wenye afya. Picha itatundikwa zahanati zote za wilaya! Iddi ana wake wawili, hawezi hata kujaribu. Mimi nina watoto wanane tu. Sita nitawaficha Tiwi kwa dada yangu mpaka wageni waondoke. Nani atajua?

Esha sijamwambia bado. Wiki hii yote anatapika asubuhi. Nadhani ni samaki.