Bata Kwenye Pindo la Hijabu

Jumamosi, 23 Agosti

Imeamuliwa: tunanunua cherehani. Sheikh Wamboga wa madrasa yetu hapa Malukhu, Mbale, anataka hijabu mpya za wasichana kabla ya Maulidi. Vitambaa vitagawiwa nyumba mbili, yetu na ya jirani Twaibah. Atakayeshona vizuri zaidi atapewa kazi yote ya madrasa, mwaka mzima. Mariat, mke wangu, alikaribia kulia kwa furaha. Amechoka kukaanga mandazi barabarani tangu alfajiri.

Anataka cherehani nyeusi ya mkono, kama ya Twaibah. Eti haihitaji umeme, na fundi wake yuko hapo sokoni. Nilicheka mpaka nikakohoa. Ile ya Twaibah inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi! Nikamweleza kwamba mambo ya mashine aniachie mimi. Pesa ni za mandazi yake, sawa, lakini akili lazima itoke mahali fulani.

Jumapili, 24 Agosti

Mbale nzima haina cherehani ya maana. Nimeingia maduka mawili, nikajua. Kesho Jinja.

Twaibah aliniuliza kwa nini niende mbali hivyo wakati binamu yake wa mtaa wa Namatala anauza ya mkono, nzima kabisa, kwa bei ya huruma. Wivu mtupu! Nikamwambia asante, vitu vya makumbusho sinunui.

Jumatatu, 25 Agosti. Jinja.

Nimeipata! Nyeupe, nyepesi, ina taa. Tena ina mishono ya mapambo, yote imechorwa usoni pake: maua, majani, bata. Bata! Wanatembea mmoja nyuma ya mwenzake, kwa heshima zao.

Mwenye duka ni Mkenya, anaitwa Wanyama. Ana maswali mengi mno kwa mfanyabiashara. Alitaka kujua tutashona nini. Hijabu, nikasema. Akashauri basi nichukue ile ya mshono mmoja, ni imara na bei ni ile ile. Akakiri hata kwamba hii nyeupe imekaa dukani siku nyingi, kila mteja anaipita, ndiyo maana ameishusha bei. Wajinga wa Jinja! Macho wanayo ya kutazamia mto tu. Nikalipa haraka kabla hajazinduka.

Alhamisi, 28 Agosti

Mariat alipoiona aliizunguka mara mbili, akitafuta mkono wa kuzungushia. Nikajua ni mshangao. Kisha akauliza, umeme ukikatika? Mwanamke wa mashaka. Juzi ulikatika adhuhuri ukarudi jioni, jana vivyo hivyo. Ndivyo umeme ulivyo, cherehani ina kosa gani? Ng'ambo ya ua Twaibah anazungusha mkono wake, krr krr krr, huku anaimba kasida. Ananiimbia mimi, najua.

Hata hivyo Mariat amezimaliza hijabu zote isipokuwa pindo. Kazi safi, sikatai. Leo ameitwa kwao Nkoma, mama yake mgonjwa, atarudi kesho. Akaniagiza nisiguse kitu. Kuagizwa, ndani ya nyumba yangu!

Nilikaa nikizitazama zile hijabu. Nyeupe tupu, kama sanda. Na Twaibah naye atapeleka nyeupe tupu. Sheikh atatofautishaje? Mke wangu mikono anayo, ila biashara haijui. Nikageuza kitufe. Bata kila pindo, kwa uzi wa manjano! Umeme haukukatika hata mara moja, na hiyo ni ishara. Mgongo unauma lakini roho imetulia. Kesho nazipeleka mwenyewe.

Ijumaa, 29 Agosti

Nilifika kabla ya swala, makusudi, watu wawe wengi. Sheikh Wamboga alifungua ya kwanza pale uani, akasifu mshono. Akafika kwenye pindo. Akavaa miwani. Akauliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele, kama wasichana wataswali na hizi. Nikamjibu ndiyo, ndiyo maana bata wamejipanga safu.

Akanieleza kwamba picha za viumbe hai hazivaliwi kwenye swala, jambo ambalo watoto wa darasa la kwanza la madrasa wanalijua. Watoto wenyewe waliitikia kwa kichwa. Hapo Twaibah akapaza sauti: "Bwana Shakul, hii bata nani amesilimisha?" Ua mzima ukacheka. Kazi ya mwaka akapewa yeye.

Mariat alitukuta hapo hapo, ametoka Nkoma na mzigo wake bado mkononi. Aliketi mkekani akaanza kufumua bata mmoja mmoja, machozi yakimdondoka kwenye kitambaa. Nilimwonea huruma, na aibu ikanishika, kweli kabisa. Ilidumu mpaka chakula cha mchana.

Jumapili, 31 Agosti

Twaibah amemwita Mariat washone pamoja, kazi ni nyingi na malipo watagawana. Wanapokezana ile cherehani nyeusi. Sharti lake ni moja tu: mimi nisivuke ua. Kana kwamba nilikuwa na haja! Nawasikia wakicheka tangu asubuhi. Wanawake hawana shukrani, nani aliyewaunganisha?

Nimetafakari sana. Sheikh ana haraka ya kuhukumu, lakini nakubali, bata nilikosea. Bata ni lazima achinjwe kwa bismillahi, na wangu hawakuchinjwa. Nimempigia Wanyama simu. Anayo nyingine, akaapa kwamba nayo hakuna anayeitaka. Atanibadilishia, na nyongeza atalipa Mariat, ingawa bado hajui. Kesho asubuhi niko njiani.

Hii inashona samaki. Samaki hachinjwi! Hapo Sheikh hana la kusema.